Ukuta wa Mhagama na Mfereji wa Mkongeni

Juzi alinipigia simu kijana mmoja, fundi wa madirisha ya aluminiamu, akiwa amesimama Mkongeni na mzigo wake juu ya bodaboda. "Shikamoo mzee. Naitafuta nyumba yenye bati la bluu, karibu na duka." Nikamwitikia marahaba, kisha nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia nimepatwa na nini. Mkongeni ya leo nusu ya nyumba zina bati la bluu, nusu nyingine zina bati jekundu la msauzi, na kila kona ina duka. Nilipoanza kazi kule ungesema "nyumba yenye bati" ukafika bila kuuliza tena, maana ilikuwa moja tu.

Naitwa Elisante, lakini wengi wananijua kama Fundi Sante. Nimejenga Mkongeni tangu ujana hadi magoti yalipokataa kupanda jukwaa. Sasa nipo nyumbani, nakunywa chai yangu bila haraka, na ninyi mnaoanza kushika mwiko hamwishi kunipigia: mzee, hapa pakoje, mzee, hapa chini kuna mwamba au kuna tope? Nimeona niwaandikie, mniache ninywe chai. Msitegemee nianzie mwanzo nimalizie mwisho. Nitasema kadiri mambo yanavyonijia.

Mkongeni iko nje kidogo ya mji wa Same, upande wa milimani, pale ardhi inapoanza kuinuka. Jina limetokana na mkonge ambao wazee walipanda kwenye mipaka ya mashamba yao. Watu wenyewe hawakuishi pale. Waliishi juu, kwenye migomba na baridi yao, wakashuka wakati wa mvua kulima mahindi na maharage. Kila mmoja alikuwa na kibanda cha fito na udongo, cha kulala hadi mavuno. Akishavuna anapandisha mzigo mlimani, kibanda anawaachia mchwa. Baadaye mmoja akasema mguu wangu hauwezi tena kupanda, nabaki. Mwingine akabaki ili watoto wawe karibu na shule. Mwingine alibaki kwa sababu alifungua genge la mboga, na genge huwezi kulipandisha mlimani kila Jumamosi. Nadhani mtaa ulianza hivyo, kwa uchovu wa miguu.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Kajiru, mtu wa Ugweno, marehemu sasa. Kule kwao nyumba zimening'inia kwenye miteremko, kwa hiyo fundi wa Ugweno anakuwa na adabu kwa maji kabla hajajua kusoma futi. Alipofika kwenye kiwanja hakuuliza vyumba vingapi. Alizunguka, akachuchumaa, akatazama majani yamelalia upande gani, akaokota changarawe akaigeuzageuza kiganjani. Tajiri, yaani mwenye nyumba, anakasirika pale, anaona fundi anapoteza siku. Mzee Kajiru anajibu taratibu, "Namuuliza mwenye njia kama atatupisha." Mwenye njia ni maji. Mkongeni ina makorongo ambayo yakikaa kavu miaka mitatu unaweza kuyadhania barabara, na nimeona watu wakiyajenga wakidhani wamepata kiwanja cha bei rahisi. Masika moja ilitosha kuwaelimisha.

Alinifundisha mengine ambayo mtandao wenu hauwaambii. Same ina upepo wa mchana. Ukiisimamisha timazi ya kupimia wima saa nane, inacheza kama mtoto aliyeshiba. Mzee Kajiru alikuwa anakitumbukiza chuma cha timazi kwenye ndoo ya maji, kinatulia, ndipo anasoma. Jua letu nalo linanyonya. Tofali la kuchoma usipolilowesha kabla ya kulipanga, litakunywa maji yote ya udongo wako wa simenti na kukuachia unga. Mchanga wa korongoni uweke kwenye chupa, jaza maji, tikisa, acha utulie. Ukiona tope limekaa juu nene, mrudishie mwenye lori mchanga wake hata kama ni shemeji yako.

Na msifunge kamba kwenye kitu msichokijua. Mimi siku zangu za mwanzo, nikiwa saidia fundi, nilitumwa kufunga kamba ya kozi ya pili ya tofali. Nikaona kigingi kizuri kimesimama, nikafunga. Kumbe kilikuwa cha mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa nyuma ya kichaka anakula. Alipomaliza majani ya upande ule akavuta kwenda upande mwingine, na ukuta wetu ukamfuata. Mzee Kajiru hakunifokea. Alinikalisha nile chakula cha mchana nikiutazama ukuta ule, na kila aliyepita njiani alipewa maelezo. Mpaka leo wazee wa Mkongeni wakiniona na kamba wananiuliza mbuzi yuko wapi.

Basi nyumba zilibadilika mbele ya macho yangu. Kutoka fito tukaenda tofali za kuchoma, tanuri zikafuka moshi kila kiangazi. Kutoka hapo tukaja bloku za simenti, kisha kenchi ndefu za paa, jipsamu za dari, marumaru za kuteleza. Kuna tajiri mmoja alinionyesha picha ya nyumba kwenye simu, nyumba ya nchi ya theluji, paa limesimama wima. Nikamuuliza, "Theluji tutaitoa wapi?" Akasema nijenge tu. Nilijenga, na popo wa Same wananishukuru hadi leo kwa dari ile. Umeme ukaja, barabara ya mtaa ikapanuliwa, na wageni wakafika: walimu, manesi, madereva wa malori waliochoka kulala njiani, na wengi waliokuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kutoka Songea, Kigoma, Singida, wakastaafia hukuhuku. Sina neno na wageni. Wamenilisha maisha yangu yote. Lakini walikuja wakakuta kitu ambacho hawakukijua, na sisi wenyeji hatukujua kwamba kinahitaji kuelezwa.

Kitu hicho ni mfereji. Juu ya Mkongeni, kwenye mkunjo wa mlima, iko ndiva, bwawa dogo ambalo babu zetu walichimba kwa majembe. Usiku linajaa kutoka kwenye kijito. Asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwa mfereji, shamba hadi shamba, kila mtu kwa zamu yake. Anayesimamia zamu ni mgawa maji, na wetu ni Mzee Kiondo, mtu mwembamba, mkali kwa dakika kuliko mwamuzi wa mpira. Mwenye zamu ana wajibu mmoja: siku ya msaragambo anatoka na jembe. Msaragambo ni kazi ya wote, kuzibua mfereji na kutoa tope kwenye ndiva. Asiyetokea anatozwa jogoo, na jogoo huyo anachaguliwa na Mzee Kiondo mwenyewe. Sijawahi kumwona akichagua aliyekonda.

Mashamba yalipogeuka viwanja, zamu zilipungua moja baada ya nyingine. Mtu akiuza shamba, aliyenunua anajenga, hana cha kumwagilia. Mwisho wa mfereji kabisa, chini ya nyumba zote hizo, alibaki Bibi Nakijwa na bustani yake ya nyanya, vitunguu na mchicha. Ni mjane, ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na ndiye aliyekuwa akitupikia makande mafundi wote tuliojenga upande ule. Makande yake yalikuwa na kitu ndani ambacho mke wangu amejaribu kukijua kwa miaka hakukijua, na nimeshaambiwa nisiendelee kulizungumza suala hilo.

Sasa nije kwenye ukuta. Ilikuwa katika kazi zangu za mwisho mwisho. Bwana Mhagama, fundi wa mitambo aliyetumikia shamba la mkonge kwa muda mrefu, mtu wa Songea, alinunua kiwanja juu kidogo ya bustani ya Bibi Nakijwa. Nyumba nilimjengea mimi. Ni mtu mzuri, mkimya, anayelipa bila kukumbushwa, na mke wake anajua chai. Alipomaliza nyumba akataka ukuta wa kuzunguka. Tembo walikuwa wameshuka kutoka upande wa hifadhi ya Mkomazi mwaka ule na kuangusha uzio wake wa miti, na wanawe, Joni na mdogo wake, walikuwa bado watoto. Nilimwelewa. Ila mfereji ulikata kiwanja chake katikati, ukiingia juu na kutokea chini.

"Fundi, huu mtaro uzibe. Ukuta upite moja kwa moja," akaniambia.

"Bosi, huu ni mfereji wa ndiva. Unashuka kwa Bibi Nakijwa."

"Nyoka anaingia na huohuo. Juzi mtoto katumbukia, tukamtoa na maganda ya mahindi kichwani. Na nilipopimiwa kiwanja hakuna aliyeniambia habari ya mfereji. Bibi si ana bomba?"

"Analo. Linatoa maji siku linapojisikia."

"Basi ni kama langu," akasema, na tukacheka wote wawili, lakini hakubadili neno.

Wakati huo mfereji ulikuwa umeshaanza kufa. Wajenzi wa viwanja vya juu walitupa humo mifuko ya simenti na chupa za plastiki, na lori lililoleta vifaa vya Mhagama lilimwaga kifusi juu ya mfereji, ndani ya kiwanja chake, likaondoka. Maji yaliyofika chini yalikuwa ya kulowesha visigino tu. Nikateremka kumwona Bibi. Nyanya zilikuwa zimetoa maua, majani yamejikunja, naye anatembea na ndoo kutoka kwa jirani, anamimina kikombe kwenye kila shina kama anayewanywesha wagonjwa dawa.

"Sante mwanangu, unajenga vizuri," akasema. "Nausikia mwiko wako hadi huku."

Niliona aibu, ingawa sikuwa nimemkosea bado. Nikamuuliza atafanyaje.

"Elia kanipigia kutoka Dar. Anasema, mama, bustani ikikauka unabaki unafanya nini huko? Njoo ukae na wajukuu."

"Nawe umesemaje?"

"Nilishakwenda kwake mara moja. Kaa mama, pumzika mama, usiguse chombo mama. Nikakaa mpaka nikaumwa. Mimi nikikaa ndio ninaumwa, Sante." Akaweka ndoo chini. "Lakini ni mwanangu, na ana hofu na mimi. Nimempa neno langu. Nyanya hizi zikifa, nitapanda basi."

Watu walimshauri afungue kesi. Mnajua tunavyosemwa sisi Wapare, kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Na kweli walijitokeza washauri wa kutosha kujaza mahakama, kila mmoja na kifungu chake. Bibi aliwasikiliza, akawapa mchicha, akawaaga. "Kesi itaisha lini, na nyanya zinakauka leo?" aliniambia. Nilitoka pale nikimwona kichwani mwangu yuko kwenye kochi la Dar, amevaa kitenge kipya, anatazama televisheni ambayo hakuiomba.

Nikafanya ambacho mafundi tunatukanwa nacho nchi nzima: nikachelewesha kazi. Ukuta wa pande mbili niliumaliza haraka na vizuri. Pande mbili ambako mfereji unaingia na kutokea, kila siku zilikuwa na sababu. Zege linahitaji kunywa maji kwanza, bosi. Mchanga huu una tope, bosi, ngoja lori jingine. Saidia fundi ana msiba. Saidia fundi yule alizika ndugu wengi sana mwezi ule, Mungu atusamehe. Ukweli pia nilimwambia: ukiziba, maji ya mvua yatasimama nyuma ya ukuta, na msingi wako utakaa unaloweka miguu kama mgonjwa wa baridi yabisi. Akasema niongeze nondo. Vijana, nondo haijui kuogelea, lakini tajiri akishaamua kuongeza nondo humbadilishi kwa maneno.

Jioni moja nikapanda kwa Mzee Kiondo. Nilimkuta ameshika simu, amekasirika.

"Nimewaita msaragambo kwenye kundi la WhatsApp," akasema. "Tazama. Vidole gumba. Amina. Pamoja sana. Mwingine kaweka ua. Jumamosi iliyopita tulikuwa mimi na jembe langu."

"Mzee, zamani ulikuwa unaita na nini?"

Akanitazama kama niliyemkumbusha mahali alipoweka miwani. Akaingia ndani, akatoka na gunia la katani lililofungwa kamba, na ndani ya gunia mlikuwa na pembe ya tandala. Haikuwa imepulizwa tangu simu ziingie. Akaijaribu kidogo tu, na kuku wote wa pale wakaingia uvunguni.

Hapa ndipo ambapo kila mmoja wetu alisahau jambo moja. Kwa sababu ya wale tembo, mwenyekiti wa mtaa alikuwa amewatangazia watu wote: atakayewaona tembo apulize vuvuzela au pembe, na atakayesikia atoke na kitu cha kupiga kelele. Wenyeji wa zamani walilichukua tangazo lile kijuujuu. Wageni walilishika kama amri.

Jumamosi alfajiri, kumeanza kupambazuka, Mzee Kiondo akasimama juu ya jiwe lake la siku zote akapuliza. Pembe ile ililia mlima mzima. Wenyeji, hata waliokuwa wameweka ua kwenye simu, walijikuta wameshaamka wanatafuta majembe. Mwili ulikumbuka kabla ya kichwa. Tukaanza kuteremka na mfereji, tukizibua. Na kutoka chini, kwenye bati za bluu na nyekundu, wakaanza kupanda wageni. Walikuja na masufuria, madebe, vuvuzela, mfuniko wa pipa. Nesi mmoja alikuwa na filimbi. Mwalimu wa hisabati alikuwa na moshi wa pilipili kwenye karai, anakohoa kuliko tembo yeyote ambaye angeukaribia. Bwana Mhagama alikuwa mbele yao, panga mkononi, amevaa gambuti na khanga ya mkewe.

Tulikutana kwenye kifusi chake. Kelele zikakatika.

"Wako wapi?" Mhagama akauliza, anahema.

"Wako wapi nani?" Mzee Kiondo akajibu.

"Tembo!"

"Tembo gani? Huu ni msaragambo." Mzee akayatazama masufuria. "Mbona mmekuja na vyombo? Chakula ni baada ya kazi."

Nimeishi kitambo, sijasikia Mkongeni ikicheka vile. Wengine walikaa chini. Mwalimu alicheka na kukohoa kwa pamoja hadi akapigwa mgongoni. Na kwa kuwa watu walikuwa wameshaamka, na tayari wamechekeana, hakuna aliyeona njia ya kurudi kulala. Nesi akaweka filimbi mfukoni akauliza beleshi liko wapi. Waliofuata hawakuhesabika. Chupa zikatolewa, mifuko ya simenti ikatolewa, mwenye mfuniko wa pipa akaugeuza toroli. Wenyeji wakawa wanaeleza huku wanachimba: maji yanatoka pale, yanakwenda kule, zamu ni hivi. Hakuna aliyekataa. Kumbe hakuna aliyewahi kuwaambia.

Mhagama peke yake hakushika kazi. Alisimama juu ya kifusi na khanga yake, panga limelegea mkononi, na niliuona uso wake. Alijua kinachofuata ni yeye. Watu wakakifikia kifusi, wakasimama. Ni kiwanja cha mtu, na kila mmoja akaanza kukagua kucha zake.

Bibi Nakijwa akaja kutoka chini. Nilidhani atamsihi, au atamsema. Alimpita tu, akachukua jembe kwangu bila kuniuliza, akaanza kukikata kifusi. Lilikuwa jembe zito. Alilinyanyua nusu, likashuka, akalinyanyua tena.

"Shikamoo mama," Mhagama akasema.

"Marahaba baba." Akaendelea.

"Mama, acha."

"Nikiacha nitakaa. Nikikaa nitapelekwa Dar. Endelea na shughuli zako, baba."

Mhagama akaangalia huku na huku. Mimi nikaangalia mlima. Bibi akanyanyua tena jembe, na hapo yule bwana akaliweka panga chini. Akamshika mkono taratibu. "Lete, mama. Mama yangu alinifia Songea nikiwa kazini huku, sikumshikia jembe. Lete." Akachimba na khanga yake ile, na hakuna aliyemcheka. Machozi yalinitoka, nayasema tu kama yalivyo, na nikausingizia moshi wa mwalimu.

Kifusi kilipoisha alinigeukia. "Fundi, na nyoka je? Na watoto?"

Swali lile nilikuwa nalingojea kwa wiki kadhaa. Nikachora chini kwa kijiti. Ndani ya kiwanja, mfereji unajengewa mawe pande zote mbili, simenti nzuri, msingi wa nyumba usipate unyevu. Juu yake vifuniko vya zege vyenye masikio ya nondo, vya kunyanyulika na watu wawili. Chini ya ukuta, unapoingia na unapotokea, tundu pana lenye wavu wa nondo unaofunguka. Msilifanye tundu hilo dogo kwa kubana simenti. Lipime kwa mtu aliyechuchumaa na beleshi, maana siku moja atahitajika mtu kuingia. Na kabla ya kufunika, mimina ndoo ya maji uone kama yanakwenda yenyewe; pima maji ina macho mazuri lakini ndoo haidanganyi. Hivi sasa Mkongeni kila ukuta unaovuka mfereji una tundu kama lile, na mafundi wanaliita mlango wa bibi. Mkiombwa mlijenge, mjue ndilo hilo.

Tulikula makande siku ile kwenye masufuria ya wageni, ambayo kwa bahati yalikuwa tayari mkononi. Mzee Kiondo alikula akamaliza, kisha akatamka kwa sauti ya kazi kwamba aliyezibua mfereji ana zamu, akitaka. Mhagama akasema anataka. Alikuwa na nafasi ya migomba nyuma ya nyumba.

Ukuta niliumaliza bila msiba mwingine wowote. Vifuniko vilipokauka, Mzee Kiondo akapanga siku ya kufungua ndiva, nikaenda kuangalia kazi yangu inavyoshika. Nilikaa chini, kwenye bustani. Zamu ya Mhagama ilitangulia, ya Bibi ikafuata. Nyanya zilikuwa bado hai, sitasema zaidi ya hapo; zingine zilikuwa zimeshakata tamaa. Bibi alisimama na jembe, khanga ameifunga kiunoni, anautazama mlango wa wavu. Ukatoka uzi mdogo wa maji, ukasimama.

Akatazama jua. Akasubiri. Akalitazama tena. Kisha akainama kwenye tundu, mdomo karibu na wavu, akapaza sauti chini ya ukuta.

"Baba Joni! Zamu yako imekwisha! Funga!"

Halafu upande wa pili, sauti ya mtu mzima aliyekamatwa. "Mama, bado mgomba mmoja tu."

"Mgomba mmoja ulikuwa wapi siku zote? Funga, baba, nisije nikaingia huko!"

Tukasikia chepe likipiga tope, haraka haraka. Maji yakaja. Yalitanguliza majani makavu, povu, na ndala moja ya mtoto, kisha yakaja yenyewe, mekundu na mazito, yakajaa kwenye tuta la kwanza. Bibi akaingia nayo miguu mitupu, anakata njia hapa, anaziba pale, na simu ikalia kwenye pindo la khanga yake. Aliitoa kwa mkono wa tope, akaiweka sikioni. Nilimsikia Elia akiuliza habari ya basi kwa upole, kwa kirefu. Bibi alimsikiliza huku anaziba kwa mguu.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Nipigie jioni. Sasa hivi niko kwenye zamu."